Zamu ya Mkono wa Kushoto

Kililetwa kwa baiskeli kutoka Chumbageni,
kimeviringishwa shuka, kimefungwa kamba ya katani,
Mbelwa anasukuma, mimi nimeshika mkiani.
Barabara ya kumi na nne wote wakanyamaza.
Muuza mbaazi akavua kofia, akanong'ona: Poleni.
Nikamwambia si jeneza, ni kinanda.
Akavaa kofia yake. Akauliza: Kinakula umeme kiasi gani?

Kinakula kidogo.
Luku ikikata kinakula betri sita, zile nene za tochi,
na hizo zikiisha kinanyamaza
kama mgeni aliyeshiba.

Hakina miguu. Nimekilaza juu ya meza ya kukatia,
pale nilipokata sare za shule miaka ishirini na mitatu;
chaki bado imo kwenye nyufa, inanipaka viwiko.
Mwalimu Hildegadi, aliyeniuzia, kahamishiwa Dodoma.
Alisema: Mwanakheri, hiki chumvi haikiwezi.
Kile cha kanisani, cha mbao,
chumvi ilikula nyaya, mchwa wakamaliza kilichosalia.
Hiki hakina waya wa kuliwa.
Kina sauti mia moja na ishirini na nane,
na wajukuu, katika zote hizo,
wamechagua helikopta.

Lakini si hayo niliyotaka kusema.

Mimi nilizaliwa wa kushoto.
Bibi akiufunga mkono huu kwa kipande cha kanga
kila sahani ilipotengwa,
akiufungua wakati wa kwenda chooni.
Darasa la pili ulipigwa rula mpaka ukaumuka.
Usimpe mtu kitu kwa huo. Usipokee. Usiamkie.
Basi ukajifunza kukaa nyuma ya mgongo,
kunyoosha kitambaa ili mwenzake asifiwe kwa mshono,
kubeba ndoo, kutawaza watoto,
kuosha maiti wawili wa nyumba hii,
kazi zote zisizotajwa mbele ya chakula.

Usiku, baada ya taarifa ya habari,
navaa spika za masikioni.
Mbwana, mume wangu, anasema yeye husikia tu
tok, tok-tok, tok,
kama panya mwenye adabu anayebisha hodi.

Mkono wa kulia ulijua upesi, na maringo yake.
Ulipata wimbo, ukadhani kazi imekwisha.
Kitabu kikasema: sasa kushoto.
Nikautazama. Ulikuwa pajani, umejikunja,
mtoto aliyeambiwa asubiri nje
na hakuna aliyekumbuka kumwita.
Nikauinua. Nikauweka kule mwisho, kwenye sauti nene.
Do. Sol.
Do. Sol.
Mzito. Unachelewa. Unaomba radhi kabla ya kugusa.
Wiki tatu, do na sol,
nikaanza kumwelewa bibi na kanga yake.

Kisha usiku mmoja wa vuli,
mvua iko juu ya bati lakini mimi siisikii,
mkono ukaondoka wenyewe.
Sikuuamrisha.
Wa kulia ulikuwa unapanda ngazi huko juu, ukijionyesha,
na huku chini kushoto kunashindilia sakafu,
kifusi, udongo, kifusi, udongo,
na ngazi haikuyumba.
Nikaona aibu kwa miaka yote ile.
Wanasema mkono mmoja haulei mwana.
Wanasema, kisha wanaufunga mmoja kwa kanga.

Mbwana akaamka. Akawasha taa.
Mbona unalia?
Nikamwambia: Betri zimeisha.
Akanitazama kama anitazamavyo ninapomtajia bei ya vitambaa,
akanyoosha mkono, akaomba maji.
Nikajaza kikombe, nikampa.
Akakitazama kikombe.
Akautazama mkono uliokishika.

Kiu ikashinda.