Herufi Moja

Chuo chetu kilikuwa na madarasa matatu,
nje kidogo ya Mafinga, ukishavipita viwanda vya mbao,
jengo lililowahi kuwa ghala la pareto.
Kuta bado zilitutia chafya,
na Mwalimu Ngailo akasema ni vyema,
mtumishi wa umma hatakiwi kusinzia.

Kompyuta mbili. Moja ya mkuu wa chuo.
Nyingine tuliigusa kwa zamu, dakika ishirini,
na umeme ukikatika zamu yako ndiyo imekwisha.
Basi tulijifunza mkono:
tarehe kushoto, wino wa bluu,
kosa hupigwa mstari mmoja, halifichwi,
ili ajaye baada yako aone ulipopotea.

Ngailo alivaa tai na mabuti ya mpira.
Kila asubuhi aliita majina yote thelathini na moja,
na kila asubuhi alimwita Chesko Mhema,
aliyeondoka muhula wa pili, ada imemshinda,
akaenda kupasua mbao Sao Hill.
"Chesko Mhema."
Kimya.
Anaandika: hayupo.
Tulicheka. Hata mimi nilicheka.

Sasa mimi ni mtendaji wa kijiji, Makete,
huku ambako Julai sakitu huunguza viazi
na mhuri hugoma mpaka uupulizie pumzi.
Siku ya semina wilayani, wenzangu wa vyuo vikuu
waliniuliza, chuo gani hicho?
Nikasema, cha pareto.

Ikaja mbolea ya ruzuku.
Kaya mia mbili na kumi, siku mbili,
foleni kutoka mlangoni hadi mashine ya kusaga.
Niliandika mpaka vidole vikafa ganzi.
Na Mama Tulinagwe Luvanda, mjane wa ng'ambo ya korongo,
nikamwandika Luanda,
nikampa jina la mji wa watu wa mbali
asikokuwa na shamba wala kaburi.

Kwa wakala, Tandala, kitambulisho kikasema hivi,
orodha ikasema vile.
Akarudi saa tatu kwa miguu, kapu tupu,
mvua ya kwanza ikimtangulia shambani.

Ningeweza kusema: mtandao.
Sote husema mtandao. Mtandao hauna mdomo wa kukana.
Lakini nilifungua daftari,
mwandiko mzuri, safu zimenyooka kama misonobari,
na V haipo.

Mwenyekiti akaniambia, mmoja kati ya mia mbili,
Atuganile, hilo nalo ni kosa?
Mwambie asubiri mwakani.
Nikasikia chafya ya ghala,
nikasikia "Chesko Mhema,"
na ile kimya iliyofuata,
ambayo Ngailo aliiacha ikae, hakuiharakisha.

Nilipiga mstari mmoja. Nikaandika juu yake. Nikagonga mhuri.
Bodaboda ya kwenda Tandala nililipa mwenyewe,
na sisemi hivi nisifiwe:
siku mbili nilikaa kwenye benchi la wakala
nikijionea aibu ya koti langu jipya.

Mfuko ulipofika, Mama Tulinagwe hakushukuru.
Aliushika, akaupima kwa goti.
"Na wiki yangu ya mvua, nayo umekuja nayo?"
Sikuwa na fomu ya jambo hilo.
Akanipa kisu na beseni la viazi.
Nikamenya.

Baadaye nikamwomba anitajie jina lake tena.
Hajui herufi.
Alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kunywa uji wa moto,
na katikati ya jina
meno yake ya juu yakagusa mdomo wa chini,
yakakaa hapo kidogo,
yakaachia.

Cheti changu kinasema somo lile nilipata C.
Kila nikiandika Luvanda
nauma mdomo kwanza.