Sahihi

Ngazi ya chuma, kutoka baraza ya ghorofa ya tatu
hadi paa, ina vipago kumi na vinne.
Nimevihesabu leo kwa mara ya kwanza,
mimi niliyeandika miaka sita mfululizo
kwamba nimepanda.

Miaka yote hiyo chini palikuwa na kiti cha plastiki,
chai ya tangawizi, na Mama Elinami akisema,
"Bwana Afya, maji ya Moshi ni ya mlima,
yana kosa gani?"
Nani atamshitaki mlima?
Nikatoa kalamu.
Mfuniko umefungwa: nikaweka vema.
Tangi limeoshwa: vema.
Klorini imepimwa: vema.
Halafu sahihi yangu, mkia umejikunja kama wa kinyonga,
na kikombe cha pili.

Sheria ndogo yetu, kifungu cha kumi na moja,
ni mistari minne iliyofifia kwenye fotokopi.
Kila jengo la umma lioshe tangi kila miezi sita.
Mfuniko usipitishe hata mbu.
Bomba lisilotumika lifunguliwe, maji yaliyolala yamwagwe.

Maji yaliyolala! Nilidhani ni maneno ya wanasheria.
Lakini maji hulala.
Desemba wanafunzi wanapokwenda kwao, Rombo, Same, Babati,
yanabaki peke yao gizani, ya uvuguvugu,
ndani ya mabomba ya hosteli tupu,
na yakilala sana huota.
Huota ute.

Januari wakarudi, wakafungua.
Wiki ya pili wodi ikatandika magodoro sakafuni.
Kumi na tisa walipona.

Wa ishirini aliitwa Namnyaki,
mwaka wa kwanza, masomo ya maabara.
Kwao Simanjiro walichota bwawani, zamu kwa zamu na punda,
na mama yake hakuwaruhusu kunywa kabla ya kuchemsha.
Huku hakuchemsha.
Huku kulikuwa na bomba, na juu ya bomba
karatasi ndani ya plastiki:
Maji haya yamekaguliwa.
Chini yake, mkia wa kinyonga.

Kwa bibi yangu Kibosho mfongo haukuwa na fotokopi.
Aliyefulia nepi juu ya zamu ya wenzake
alitoa debe la mbege.
Mbege iliisha siku hiyo hiyo.
Jina lake halikuisha; wajukuu waliitwa nalo
hata walipokuja kuposa.

Sasa niko juu. Mfuniko umekaa upande,
umezuiwa kwa tofali ili upepo usiuchukue.
Mtu alijali kiasi hicho, cha tofali.
Ndani kuna manyoya, kandambili moja ya bluu,
mjusi aliyevimba,
na ukutani utando wa rangi ya chai.
Ya tangawizi, nusura niseme.
Kibo imetoka mawinguni, nyeupe, haina habari.

Naijaza fomu nimechuchumaa.
Hapana.
Hapana.
Haijapimwa, tangu lini sijui.
Nafika pale penye mstari mtupu, mkono unagoma.
Waliotuachia lugha hii waliliita neno la kweli
na alama ya kalamu kwa jina moja,
labda kwa kubana matumizi,
labda kwa kututega.

Nasaini. Ndogo, bila mkia.

Nafungua koki ya kumwagia. Tangi linaguna,
maji yanaporomoka kwenye mfereji wa paa
na mtaani mtu anapiga kelele kwamba shati lake limeloa.
Kesho kamati itaniuliza, na nitajibu.
"Bwana Afya," Mama Elinami anaita, "chai inapoa."

Nashuka, fomu nimeibana kwa meno.
Kipago cha tisa kinalingana na dirisha la chumba chake.
Godoro limekunjwa, limefungwa kwa kanga.
Kwenye kizingiti, glasi imegeuzwa kifudifudi,
safi kabisa.