Futi Imefutika

Tulianza kupanga kwa kalamu nyekundu
kwa kuwa ile ya bluu Haikaeli aliisahau benki
siku aliyokwenda kuomba mkopo, wakamwambia subiri.
Nyuma ya daftari la madeni, ukurasa wa mwisho, akaandika:
USIKU WA AKINA MAMA.
Akapiga mstari chini, mara mbili, karatasi ikatoboka.

Fremu yetu iko kichochoroni, Kiusa,
kati ya wakala wa kutuma pesa na muuza betri.
Mwenye kutafuta gauni hutupita, kisha hurudi
kutuuliza wakala yuko wapi.
"Hapa hapaonekani," Haikaeli alisema.
"Basi tuwashe taa, waje wapaone."

Iwe Ijumaa ile baada ya mshahara, si ile ya kabla.
Saa kumi na mbili jioni. Saa moja ni ngumu,
saa moja kuna waume wanaouliza chakula.
"Waulize," akasema Shufaa, anayetupa sambusa kwa mkopo,
"siku moja nao wajue chumvi inakaa kopo gani."
Tukacheka mpaka muuza betri akagonga ukuta.

Viti hamsini vya plastiki, vya kukodi, vya kwaya;
mwenyekiti wa kwaya anataka aalikwe. Aalikwe.
Jenereta la shemeji, nalo lina kikohozi.
Juisi ya ukwaju, na mbege kidogo ndani ya birika la chai
kwa heshima ya wale wasiopenda ionekane.
Kiingilio elfu tano, na tano hiyo inakatwa kwenye bei ya gauni.
"Na asiyenunua?"
"Atakuwa ameshika kitambaa," Haikaeli akajibu.
"Mkono ulioshika kitambaa haulali."

Ndipo likaja suala la warembo wa kupita na nguo.
Aikande akataja wasichana wa Arusha,
warefu kama migrivea, na malipo yao
ni kodi ya mwezi na nusu.
Haikaeli akalitazama sanamu letu la dirishani,
mkono mmoja tangu Machi, halijalalamika,
akasema: "Watapita wanaozivaa."
Akaandika: Mama Ndeshi, wa ndizi, Mbuyuni.
Mwalimu Foibe, mstaafu, pamoja na goti lake.
Binti wa kinyozi, mimba ya miezi saba.
Kisha, bila kuinua uso: Nakijwa.

Mimi?

Mimi wa nyuma ya pazia,
mguu kwenye pedali miaka kumi na tisa.
Navijua viuno vya nusu ya mji huu.
Namjua aliyenenepa kwa raha na aliyekonda kwa siri,
namjua aliyetaka mikono mirefu mwezi wa joto;
sikumuuliza, nikaishona mirefu,
nikamwongezea na kola.
Mwenyewe navaa zilizokosewa:
zambarau ya bibi harusi aliyeghairi,
sketi ya mteja ambaye hakurudi kuichukua.

"Jipya," Haikaeli alisema, akifunga daftari.
"Na ujipime leo leo, kesho utapata kisingizio."

Wakatoka kwenda kupatana bei ya viti.
Mlima ulikuwa umejifunika shuka lake la ukungu,
hapakuwa na wa kunitazama.
Nikaizungusha futi kiunoni mwangu, mara ya kwanza,
nikainama kusoma.

Kuanzia thelathini hadi arobaini na mbili
namba zote zimefutika,
kwa vidole vyangu, kwa jasho,
kwa wanawake wote waliosimama hapa
mikono juu, wakizuia pumzi.
Palipo kiuno changu pamebaki njano tupu.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikatia nukta.
Nikavuta pumzi.
Nikaisogeza mbele kidogo, vidole viwili hivi,
kwa ajili ya sambusa za Shufaa.