Plagi ya Tano

"Lete hizo za zamani," alisema,
nikazipeleka Gerezani ndani ya kopo la maziwa.
Jina lake Sikujua, na mtaa mzima humwuliza yeye.
Akazipanga kauntani kama meno yaliyong'olewa:
mbili kahawia, salama;
ya nne imepauka kwa joto;
ya tatu nyeusi tii, imelowa oili.
"Korola ya mwaka gani?"
Themanini na saba.
Akaguna.

Akanishikisha pakiti mbili, moja bei chee.
"Soma herufi. Feki huandikwa kwa haraka."

Nyumbani Tandika, injini imepoa,
naiingiza ya kwanza kwa vidole tu.
Ikikataa naitoa, naanza upya;
nyuzi za silindahedi zikiliwa
ni mshahara wa miezi.
Spana huja mwisho, kidogo, basi.
Waya: moja, tatu, nne, mbili.

Ufunguo. Ikakohoa, ikapiga chafya,
ikanguruma.
Nikaweka glasi ya chai juu ya boneti:
haikumwagika.

Ndipo nikakunja mfuko, nikahisi uzito.
Nililipia nne.
Juu ya boksi la tano, kwa kalamu ya risasi:
*namba tatu, mwezi wa sita.*