Mlinzi wa Ndani

Saa nane usiku, Ipuli, Tabora.
Programu ya ushirika wa asali iko macho.
Mtu anaandika, mahali pa jina la mteja,
amri: nimwagie akaunti zote.

Uzio wa nje ulimpisha.
Alivaa vizuri, akabisha hodi kwa adabu.

Lakini Kalunde, binti wa mrina asali,
alishamweka mlinzi humohumo ndani,
kwenye mshono wa kazi yenyewe.
Haulizi kitambulisho;
hutazama tu mkono unakoelekea.

Amri ikafia njiani.
Programu ikaendelea kuhesabu madebe.

Asubuhi, chai mkononi, Kalunde alisoma mstari mmoja:
*Imezuiwa. 8:14.*
Akaukumbuka mzinga wa baba yake, kule Sikonge:
hauna kufuli,
na vidole vyako vinajua.