Gia Nane

Baba yangu, Reino Kangas, alizijua gia tatu.
Ya kwanza ya kutoka uani, theluji ikilia chini ya matairi.
Ya pili ya mteremko wa mgodi.
Ya tatu ya kurudi, vumbi jekundu la chuma
limemjaa hadi kwenye kope.
Mkono kwenye wenzo wa usukani, mguu wa kushoto kwenye klachi:
miaka arobaini walielewana hao wawili
bila yeye kuwatuma.

Kisha kiharusi kikamjia, Februari, akinyoa ndevu.
Mguu wa kushoto ukabaki naye kama mpangaji
asiyelipa kodi wala kuhama.

Valiant ya sitini na sita, rangi ya siagi iliyochacha,
ikalala gereji.
Kila Jumapili alitoka na mkongojo wake,
akafungua mlango, akakaa upande wa dereva,
haendi popote.
"Si uniuzie tu," akasema jirani, Vukelich.
Baba akamtazama kama mtu aliyeombwa meno.

Nikaenda Eveleth, kwa muuza vyuma chakavu.
Pikapu ya mwaka juzi, imekumbatia msonobari,
uso umekwisha, tumbo zima.
Giaboksi yake ya otomatiki, gia nane.
Nikailipia pesa taslimu
na Jumamosi mbili za kumfungulia injini zake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Ila mgeni huyu kaja na mabega
mapana kuliko mlango.
Nikapima mara tatu, nikitumaini rula inadanganya.
Kisha nikapiga magoti kwenye sakafu ile
ambayo miguu yangu ya utotoni haikuwa ikiifikia,
nikawasha msumeno,
nikakata.

Alisikia akiwa jikoni.
Bati likikatwa halilii mbali sana na mnyama.
Hakuja. Alimtuma mama na neno moja:
kile kipande kisitupwe.

Wiki sita.
Bamba la kuunganishia nililichonga mara mbili
kwa ajili ya nusu milimita.
Propela ikakatwa shibiri nzima, ikasawazishwa upya.
Mabomba ya kupoza oili nikayapitisha kando ya injini
kwa adabu, kama mtu apitaye mbele ya waliokaa.
Halafu ubongo: kisanduku cheusi, nyaya thelathini,
kinauliza, kinauliza,
kasi gani? joto kiasi gani? dereva anataka nini?
Na injini ya kabureta, maskini,
haijawahi kuulizwa kitu maishani mwake.
Nikaifunga kihisi kooni,
nikawa mkalimani wa viziwi wawili
hadi saa nane za usiku.

Aprili tukatoka, yeye kwenye usukani.
Mguu wa kulia sasa unatosha.
Wenzo hakuna, ni kitufe cha kuzungusha.
Pale palipokuwa na kanyagio la klachi
nimepaziba kwa bati lake lile lile:
alilitoa mwenyewe chini ya kitanda,
limefungwa kwenye taulo.

Mkono wake ukapanda, ukashika hewa, ukaishusha.
"Pili," akanong'ona.
Gari lilishafika ya nne.
"Tatu," akasema, nasi tuko ya sita,
barabara ya Hibbing imefunguka kati ya misonobari,
injini imetulia hata tukasikia
sarafu ya zamani ikitembea ndani ya mlango.

Baada ya tatu hakuwa na namba.
Maili nzima kimya. Kisha:
"Nani anabadilisha?"
"Kompyuta, baba."
"Iambie ipunguze haraka. Mimi bado niko ya pili."

Tulisimama kujaza mafuta. Nikainama nyuma kuchungulia.
Kwenye theluji ya mwisho, tone moja jekundu,
na la pili linaning'inia, halijaamua.
Sili ya shafti.

Sikumwambia. Alikuwa ameteremsha kioo
anamweleza kijana wa pampu
jinsi alivyoifunga mwenyewe,
usiku na mchana, peke yake.