Haisemi

Mchana napima viwanja. Kazi yangu ni kukikataa
kila kinachocheza: bikoni isicheze, kamba isicheze,
na mwenye shamba asicheze na mpaka wa mwenzake.
Usiku, Utaani, juu ya tanuri la mikate la Mbarouk,
najifunza kinyume chake.

Shaba nimeipata kwa Mgeni Faki, fundi vitasa:
bamba la komeo la mlango ulioliwa na mchwa,
upana wa vidole viwili. Kaniuzia elfu tatu
na kicheko cha bure: "Vigari, mtu mzima we!"
Waya ni wa mwavuli wa shangazi Tumu,
mbavu zilizokataa kufa kitambaa kilipokufa.
Nimezinyoosha juu ya marumaru, moja moja,
nikizisikiliza: ulionyooka hulia sauti nyembamba,
uliopinda hukoroma.

Mota nimeing'oa katika redio kaseti ya marehemu baba,
iliyozungusha mawaidha na matokeo ya mpira
miaka ishirini bila kulalama.
Tairi ni ndara ya kushoto; ya kulia ilichukuliwa na mvua.
Uzito ni chubwi moja, nimeiponda
ikawa bapa kama kaimati iliyokaliwa.
Mbele kabisa ulimi, unaoshika mfuo na kuonja umeme.

Halafu lehemu. Lehemu haitaki pupa, haitaki woga.
Pasha shaba, usiipashe lehemu;
ukiipasha yenyewe itadondoka kama chozi la mnafiki,
duara, linang'aa, halijashika kitu.
Shaba ikiiva huiita, nayo hukimbilia mwanyani
kama paka aliyesikia kisu cha samaki.

Fremu yangu ya kwanza niliiweka juu ya kioo cha dirisha.
Magurudumu manne, yote chini. Karatasi haikupenya popote.
Nikaipima kwa pembe mraba, nikaipima tena,
nikalala usingizi wa mtu aliyelipwa.

Ijumaa ikaruka.
Si kuteleza: ikaruka, katika ile kona
ambapo joto la tanuri limeibetua plaiwudi,
Kona ya Talaka, ambapo gari na mfuo wake huachana.
Talaka moja. Mbili.
Ya tatu ikaangukia gunia la unga.

Raiye, binti wa Mbarouk, miaka kumi na mitatu,
bingwa wa miezi minne mfululizo,
akaiokota, akaipangusa, akaigonga kwa ukucha,
akaiweka sikioni.
"Imekufa hii, Ami. Haisemi."
Akanipa yake. Nikaigonga. Ikasema
kama bangili za mtu anayekanda.

Basi nikafungua nilichokifunga.
Nikaitoa lehemu viungoni, nikaviacha vibawa vya pembeni
vining'inie katika vijibomba vya kalamu kuukuu,
nafasi ya karatasi moja ya daftari,
mbili upande wa kulia, maana kona yavutia kulia.
Mkono ulikuwa unakataa.
Kila kiungo nilichokilegeza nilijiona naghushi ramani.
Tone la mafuta ya cherehani. Msasa kwa tairi. Ukucha.
Bado. Ukucha. Bado.
Usiku wa manane ikasema.

Ijumaa iliyofuata sikushinda, msinipongeze.
Nilikuwa wa tatu katika wanne, duru ya kumi na tisa,
umeme ulipokatika Wete nzima.
Gizani vigari vikaendelea kidogo, shubiri hivi, kwa deni,
kila kimoja kikilia chake.
"Hicho cha Ami," alisema Raiye. "Kimeshapita Talaka."

Asubuhi nilikuwa Limbani: ndugu wawili, mpaka mmoja,
kelele za shubiri moja.
Nikapima. Nikarudia. Nikawaonesha namba, wakanyamaza
unyamavu wa watu watakaorudi mahakamani.
Walipogeuka, nikainama
nikaigonga bikoni kwa ukucha.

Haikusema kitu.